Kuku wa Darasa la Saba

Mideva alipoingia Darasa la Saba mara ya kwanza, mwanamume mwenye masharubu alimwonyesha pa kukaa.

"Wasichana wanakaanga upande ule wa dirisha," alimwambia kwa upole, kisha akarudi kuchonga penseli yake.

Mwenye masharubu hakuwa mwalimu. Alikuwa mwanafunzi. Katika rejista jina lake lilikuwa Hezekiah, lakini shule nzima, walimu wakiwemo, ilimwita Baba Bramwel, kwa kuwa alikuwa na mke, nyumba ya nyasi karibu na soko la Shinyalu, na mtoto aliyeitwa Bramwel. Aliwahi kuacha shule akaenda kuchuma majani chai Kericho miaka sita, halafu akarudi pale pale alipoachia, maana alisikia kwamba Uhuru ukija, kazi za Wazungu watapewa wenye cheti. Alikuwa na miaka ishirini na minne. Mideva alikuwa na kumi na tisa, tena ya mtu mfupi.

"Mimi ndiye mwalimu," alisema Mideva.

Baba Bramwel alimtazama kutoka viatu hadi utepe wa nywele. "Pole," akasema, na hakuna aliyejua kama alikuwa anaomba radhi au anamhurumia.

Hiyo ilikuwa Septemba 1963. Chuo cha ualimu kilikuwa kimemtuma Mideva afanye mazoezi ya kufundisha kwa wiki sita katika Shule ya Kati ya Ishirombe, ukingoni mwa msitu, mahali ambapo nyani walihudhuria shamba la mahindi la shule kwa uaminifu kuliko wanafunzi. Alikuja na sanduku la bati, saa ya mkono ya kuazima, na daftari lenye maandalio ya somo yaliyopigiwa mistari kwa wino mwekundu.

Somo lake la kwanza lilihusu mvua. Alikuwa ameliandaa lichukue dakika arobaini. Lilikwisha kwa dakika kumi na moja. Aliitazama ile saa, akaitikisa, akaiweka sikioni. Ilikuwa inatembea vizuri tu. Chuoni walimfundisha la kufanya mwanafunzi asipoelewa. Hawakumwambia la kufanya darasa zima likielewa upesi na kukaa likimtazama kama ng'ombe wanaosubiri kufunguliwa.

"Sasa," alisema, "choreni mvua."

Walichora. Zilirudi karatasi thelathini na saba za mvua, na moja ya mwalimu mfupi anayekimbia.

Mwalimu mkuu wa Ishirombe, Bwana Masinde, alikuwa mtu wa sala fupi na mlo mrefu. Alipenda sana walimu wanafunzi, kwa sababu moja iliyo wazi: chuo kiliwaagiza wafundishe kwa vitu halisi, na somo likiisha, vitu halisi vilihifadhiwa nyumbani kwake. Aliyefundisha matunda aliacha mkungu wa ndizi. Aliyefundisha wadudu alileta mzinga mzima, na asali yake ilihifadhiwa mpaka ikaisha. Basi katika wiki ya nne Masinde alimwita Mideva ofisini.

"Mwalimu, mkaguzi anakuja Alhamisi. Utafundisha jinsi kuku anavyosaga chakula."

"Sawa, Bwana Mkuu. Nitamchora ubaoni."

"Ubaoni!" Masinde alisikitika kama aliyesikia habari ya msiba. "Mtoto hajifunzi kwa chaki, binti yangu. Tafuta jogoo. Awe mnono kidogo, ili viungo vionekane."

Mideva alitoka pale akihesabu siku hadi Alhamisi. Hakuwahi kupasua kuku. Hakuwahi hata kumla. Kwa mila za Waluhya wa zamani hizo, kuku alikuwa nyama ya wanaume. Mwanamke alimfuga, akamlisha, akamfukuzia mwewe, akampika, akamwandaa mezani na ugali, kisha akaenda jikoni kula mboga. Sababu ilibadilika kutoka kilima hadi kilima: huku walisema atakuwa tasa, kule walisema atazaa watoto wanaopiga kelele alfajiri. Kweli, Injili ilikuwa imeingia, na akina mama wengi wa kanisani walishakula kuku hadharani kama ushuhuda. Lakini Mideva alilelewa Maragoli na bibi yake, Kageha, ambaye alikuwa ameokoka kwa kila kitu isipokuwa kuku. Hata chuoni, siku kuku alipopikwa, Mideva alibadilishana kipande chake na mkate.

Jogoo alipatikana kwa Baba Bramwel. Aliyemleta shuleni ni mkewe, Jescah, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuita mtu ng'ambo ya mto, mtoto mgongoni na jogoo kwapani.

"Mwalimu, nakupatia bure," alisema. "Lakini na mimi niingie darasani nione."

"Mama Bramwel, ni siku ya mkaguzi."

"Mimi nafuganga hawa tangu nikiwa wa kufika hapa." Alionyesha goti. "Nawapasua kila Krismasi. Hakuna siku mtu aliniambia kitu ya ndani inafanya kazi gani. Nitakaa nyuma. Sitasema kitu."

Mideva alimkubalia kwa kuwa hakuwa na jogoo mwingine.

Alhamisi mkaguzi alifika kwa pikipiki, soksi zake ndefu zimejaa matope. Mideva alikuwa ametarajia Mzungu. Akashuka Bwana Kibiwott, kijana wa Kinandi, mkufunzi wa chuo, aliyekuwa ameachiwa kazi hiyo na Mwingereza mmoja aliyeona heri arudi kwao mapema. Kibiwott alivaa uso wa ukali mpya, ambao ulikuwa bado unambana kama kiatu. Alikaa nyuma ya darasa. Jirani yake alikuwa Jescah, na mtoto wake mara moja akaanza kumvuta mkaguzi tai.

Kuku alikuwa amekwisha kuchinjwa na kunyonyolewa na Baba Bramwel nyuma ya choo. Alilazwa juu ya gazeti, kifua wazi, mbele ya wanafunzi thelathini na wanane. Mideva alianza kwa Kiingereza, kama sheria ilivyotaka. Kisu alikishika kwa ngumi kama mwiko, hata walioketi mbele wakarudisha vichwa nyuma. Alionyesha koo. Alionyesha gole, kile kifuko cha chakula shingoni, kilichokuwa bado na mahindi ya asubuhi. Alipofika kwenye firigisi, alipitisha kisu katikati, akaifungua kama kitabu.

Ndani mlikuwa na changarawe, mchanga, na kitu cheupe cha mviringo. Alikiosha kwenye kikombe cha maji na kukiinua juu.

"Kifungo!" Jescah alisimama, mtoto akaruka mgongoni. "Kifungo ya shati yako ya kanisa! Baba Bramwel! Si ulisema mimi ndiye niliipoteza mtoni? Wiki tatu hunisalimii vizuri!"

Darasa lilipasuka. Kiingereza kilikufa papo hapo, wala hakuna aliyekililia. Baba Bramwel alishika masharubu yake kwa vidole viwili, kana kwamba nayo yangeweza kumezwa.

"Mama Bramwel," alisema kwa sauti ya chini, "hapa ni shule."

"Ndiyo. Na mimi nimejifunza."

Mideva aliona kalamu ya Kibiwott ikiandika, ikiandika. Akajua amekwisha. Na kwa kuwa amekwisha, woga nao ulimtoka, kama mtu aliyelowa ambaye hana tena haja ya kukimbia mvua. Aliliacha daftari lenye mistari myekundu, akauliza kwa Kiswahili, "Kitazameni vizuri. Kwa nini kingo zake zimelika?"

Kifungo kilipita mkono kwa mkono. Mmoja alisema ni maji. Mwingine alisema ni sabuni. Msichana mmoja wa dirishani, Navalayo, ambaye kwa wiki nne hakuwa amefungua mdomo ila kupiga miayo, alisema, "Kuku hana meno, Mwalimu. Mawe ndiyo meno yake. Yamekuwa yakitafuna kifungo." Wakaanza kubishana: angemaliza kukisaga baada ya muda gani? Na sarafu je? Na jino la mtu? Mideva hakuitazama saa hata mara moja.

Kisha Jescah, aliyeahidi kutosema kitu, akainua mkono kama mwanafunzi.

"Mwalimu, umetuonyesha vile mahindi inapita. Nimeelewa. Sasa, hiyo nyama yenyewe, inaonja aje?"

Wavulana walicheka. Wasichana watano hawakucheka. Walimgeukia Mideva, macho makavu, wakingoja.

Chuo kilikuwa kimemwonya kwamba mwalimu hasemi hajui mbele ya darasa. Mideva alifikiria kudanganya. Akamwona Navalayo.

"Sijui," alisema. "Na mimi sijawahi kula."

Wakati huo kengele ililia, na mlangoni akasimama Bwana Masinde, beseni mkononi.

"Asante, Mwalimu. Somo zuri. Nimekuja kuvihifadhi hivyo vielelezo."

"Somo halijaisha, Bwana Mkuu."

"Kengele imelia."

"Kuna swali limebaki," alisema Mideva, na sauti ikamtoka kubwa kuliko alivyokusudia. "Baba Bramwel, kawashe moto. Navalayo, lete sufuria."

Walimpika nje, nyuma ya darasa, katika sufuria la mahindi na maharagwe ya shule, kwa chumvi ya kuombwa jikoni kwa Masinde mwenyewe, ambaye mkewe aliitoa bila kujua inakwenda wapi. Darasa zima lilisimama kuuzunguka moto. Masinde naye alisimama, beseni lake limemwinamia pajani. Alimvuta Kibiwott kando, lakini kunong'ona kwake kulikuwa kwa mtu aliyezoea gwaride.

"Bwana Mkaguzi, haya ni kinyume cha mila. Sema neno."

"Mimi nilitumwa kukagua somo," alisema Kibiwott. "Mila hazimo kwenye fomu."

"Basi angalau firigisi! Firigisi ni ya mwenye boma. Hata mtoto anajua."

"Kwetu tunajua ng'ombe," alisema Kibiwott, akakaza macho kwenye sufuria, maana na yeye alikuwa ametoka bila kula.

Jogoo mmoja kwa midomo arobaini na ushee ni hesabu ya huzuni. Kila mmoja alipata kipande cha ukubwa wa stempu. Wasichana walipewa kwanza. Mmoja alikifunga chake kwenye leso akasema atamwonyesha mama. Mwingine alikula huku amefumba macho, kama anayemeza kwinini. Firigisi ilibaki juu ya kijiko cha Mideva, na Masinde akiitazama.

"Aliyeuliza ndiye ajibiwe," alisema Mideva, akampa Jescah.

Jescah alitafuna. Alitafuna muda mrefu hata baadhi ya wavulana wakaanza kutafuna naye, midomo mitupu. Akameza.

"Kumbe ni hii tu?" alisema. Akamgeukia mumewe, akamgeukia mwalimu mkuu, akawageukia wanaume wote wa Ishirombe kwa zamu. "Miaka yote hiyo mlikuwa mnatunyima hii? Mpira uliotiwa chumvi?" Halafu akanyoosha mkono. "Hebu nipe na paja, nilinganishe."

Mideva alipata shingo. Alipoitia mdomoni alisubiri kidogo, akiwaza juu ya bibi yake. Hakuna kilichotokea, ila aliona aibu jinsi ilivyokuwa tamu, na akainyonya mpaka mfupa ukawa mweupe, mbele ya mkaguzi.

Jumamosi yake wazee watatu wa kamati walikuja shuleni kulalamika kwamba wake zao wameanza kuuliza maswali. Masinde hakutaka kukiri kwamba yeye ndiye aliyeagiza kuku. Aliwaambia somo limeletwa na serikali mpya. Siku hizo kila jambo lisiloeleweka lilisemekana limetoka Nairobi, kwa hiyo wazee waliguna wakaenda zao. Lakini katika taarifa yake kwa chuo, Masinde aliandika kwamba Mideva ni msichana mwenye akili na asiye na adabu ya vifaa.

Kibiwott aliandika kwa kirefu zaidi. *Muda: somo lilizidi kwa saa moja na robo. Lugha: iliachwa njiani. Usafi wa meza: mbaya. Wanafunzi: walikataa kuondoka.* Alipoulizwa chuoni ampe alama gani mtu wa namna hiyo, inasemekana alimpa ya kupita, ile ya chini kabisa.

Barua ya chuo ilifika kwa Mideva wiki ile ile ya Uhuru. Baba yake, Barasa, fundi wa baiskeli aliyehamia Kakamega mjini, aliisoma mara mbili, akaitia mfukoni, akaenda nayo uwanjani kulikokuwa na ngoma na bendera mpya. Kila aliyemsalimu kwa "Uhuru!" alimjibu, "Binti yangu amepasi ualimu!"

"Amepasi somo gani?" jamaa mmoja akamwuliza.

"Kuku," alisema Barasa.

"Kumpika?"

"Kumla," alisema Barasa, akapasua umati kwenda mbele, ambako bendi ya polisi ilikuwa imeanza kupiga.