Ukoko wa Mama Ndaya

Mikono ya Mama Ndaya haikuwa na mahali pazima kuanzia kiwiko kushuka chini. Bukari, yaani ugali, ya watu wawili ni chakula. Bukari ya wavulana mia tatu na ishirini ni vita, na yeye alikuwa amepigana vita hiyo miaka kumi na mitatu katika jiko la shule ya bweni, pale Kamina, upande wa reli. Walipikia kwenye mapipa ya mafuta yaliyokatwa nusu, matatu, yamekalishwa juu ya mawe. Unga ukianza kuchemka huruka na kuuma. Tone likikudondokea shingoni huna ruhusa ya kuacha mwiko, kwa sababu ukiuacha pipa zima litashika madonge, na wavulana wenye njaa hawajui samahani. Mwaka mmoja walivunja sahani, wakavunja na madirisha, na Ndaya akapigwa benchi la mgongo. Kesho yake alipika kama kawaida, huku akiwatukana mmoja mmoja kwa majina ya mama zao.

Kitu kimoja kiliwafuta jasho wapishi: ukoko. Ukoko wa sufuria ya nyumbani ni mwembamba kama jani, lakini ule wa pipa huwa mnene kama soli ya kandambili, wa kahawia, na pembeni mweusi. Tangu zamani, ukoko ulikuwa wa yule aliyeshika mwiko. Hakuna aliyeiandika sheria hiyo wala aliyeiuliza. Ndaya na wenzake waliubandua kwa jembe dogo, wakagawana, wakawapelekea watoto, na uliozidi wakauza sokoni kwa bakuli.

Kisha akaja Monsieur Ruffin, mtunza mali mpya wa shule, mtu wa shati jeupe na maneno laini. Alijenga zizi nyuma ya ukuta, akaweka nguruwe wake sita, na wiki hiyo hiyo akatangaza kwamba ukoko ni mali ya shule. Ndaya alisimama mbele ya pipa na kumwambia apite juu ya maiti yake. Ruffin alimzaba kofi mbele ya wavulana waliopanga foleni na sahani zao, kofi la kumtoa damu puani, na wengine wakacheka. Tangu siku hiyo, kila baada ya chakula cha mchana, mlinzi Mulumba alibeba ndoo mbili za ukoko kwenda zizini. Miaka miwili ilipita hivyo. Ndaya alimeza, maana mpishi anayempiga mtunza mali halali njaa peke yake. Analala njaa na wanawe. Lakini kofi lile halikushuka tumboni. Lilibaki kooni.

Sasa sikilizeni habari ya prime. Wenye shule, walioko Lubumbashi, walikata shauri kwamba wafanyakazi wa jikoni na wa kufua waongezewe theluthi ya mshahara, kwa sababu ya moto na kwa sababu ya Jumapili wanazokosa kanisa. Nyongeza hiyo ndiyo waliyoiita prime. Pamoja nayo, aliyeungua kazini angetibiwa kwa gharama ya shule. Kabla ya kuanza kulipa, walimtuma Mama Clémentine aje aone kwa macho yake wafanyakazi wanaishije. Alikuja kwa treni, mwanamke mnene mwenye miwani, akaingia jikoni mchana pipa la pili likiwa motoni. Ruffin alikuwa nyuma yake, mikono mfukoni.

Mama Clémentine aliuliza kwa upole kama wanatendewa vizuri, na kama kuna chochote wanachopata juu ya mshahara.

Hapo ndipo Ndaya alipoharibu. Msimwone mjinga. Alilelewa kwamba nyumba unamokula haivuliwi nguo mbele ya mgeni. Hata kama jana mlitoana meno, mgeni akiuliza habari, jibu ni salama. Ya ndani yatasemwa baadaye, mgeni akishakula na kupumzika. Basi aliinua mwiko, akatabasamu kwa meno yake yote, akajibu kwa ajili ya wote.

“Hatulaumu, Mama. Ukoko iko yetu. Njo prime yetu.”

Jiko zima lilicheka. Ruffin alicheka kuliko wote. Mama Clémentine naye alicheka kidogo, akaandika. Ndaya alingoja aitwe kando, kama inavyostahili, ili aseme ya ndani. Mgeni wa ofisi hana kando. Alikunywa soda moja na kurudi stesheni.

Mdomo uliponza kichwa. Baada ya wiki tatu barua ilifika, na Ruffin aliisoma jikoni kwa sauti, akikata maneno polepole ili kila mtu ashibe. Kwa kuwa wapishi, kwa kinywa cha mkubwa wao, wamekiri kupata ukoko kama nyongeza, hawadai prime. Na kwa kuwa hawamo katika prime, matibabu nayo hayawahusu. Alipomaliza aliikunja, akaitia mfuko wa shati, akaondoka akipiga mluzi.

Wapishi walikuwa wanne. Wawili walimgeuzia Ndaya mgongo. Wa nne, Tshiela, alimkabili. Huyu Tshiela alikuwa mtu wa Kasai. Aliletwa Kamina na treni ya Wakasai waliofukuzwa Likasi, akiwa na miaka sita, mgongoni mwa mama yake, baba yake amekwisha kuzikwa kando ya njia. Walishuka stesheni kungoja treni nyingine na hawakuipanda kamwe. Alikuwa mpole miaka yote, na hasira ya mpole ni mbaya kuliko ya mkorofi. Aliokota ukuni uliokuwa ukiwaka upande mmoja.

“Ku Likasi batu batufukuza na mawe,” alimwambia yule aliyezoea kumwita Yaya, kama dada mkubwa. “Weye, Yaya, unatufukuza na mudomo.”

Ukuni ulimpata Ndaya begani, cheche zikamwingia kifuani. Ndaya alimrukia. Walishikana nywele, wakaumana, wakabingirika kwenye majivu, na wale wengine wawili walipiga kelele bila kujua wamshike nani. Tshiela aliinuka kwanza, akampiga Ndaya teke la tumbo. Ndaya, akitafuta pumzi, macho yamejaa majivu, alimsukuma kwa nguvu zake zote, nguvu za miaka kumi na mitatu ya mwiko. Tshiela alirudi nyuma hatua mbili, akajikwaa kwenye jiwe, akanyoosha mkono wa kuume ili asianguke. Nyuma yake kulikuwa na pipa la tatu.

Mkono uliingia mpaka kiwiko. Bukari si maji, haimwagiki; inashika. Ndaya mwenyewe ndiye aliyemvuta, na ndiye aliyemkwangua ile bukari kwa viganja vyake, ngozi ikitoka pamoja nayo. Harufu ile aliijua kwa sababu ilikuwa ya chakula, na kwa miezi mingi baadaye alishindwa kula nyama.

Hospitali ilimlaza Tshiela, ikamfunga, ikataka malipo. Mume hakuwa naye. Ndaya aliuza redio, baiskeli na vitenge vyake viwili vya sherehe. Vilitosha siku nne. Siku ya tano mkono ulianza kunuka. Daktari alisema bila kuzunguka kwamba dawa za kusafisha zisipolipwa kufikia Ijumaa, ataukata chini ya bega, kwa sababu kuukata ni bei nafuu. Tshiela alilala akitazama ukuta. Ndaya alipoingia na uji, hakugeuka. Ndaya aliweka uji sakafuni, akatoka nje, akajipiga kofi mwenyewe, mara mbili, hadharani.

Tangu siku ya kwanza hospitali ilikuwa imekwisha kuwaandikia wenye shule kuuliza nani atalipa. Kwa hiyo Alhamisi, Mama Clémentine alirudi kuufunga mjadala. Alikaa ofisini kwa Ruffin saa nane mchana, karatasi mezani, wavulana wametoka kula. Ndaya aliingia bila kubisha. Alieleza yote akiwa amesimama: ukoko, ndoo mbili, zizi, kofi. Ruffin hakupandisha sauti. Alisema kwa masikitiko kwamba huyu mama ndiye aliyemsukuma mwenzake, sasa anatafuta wa kumtwisha. Nguruwe wake yeye wanakula pumba, anayonunua kinuni kwa pesa yake, na ukoko hawaujui hata kwa sura.

Mama Clémentine alivua miwani. Hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa amechoka.

“Mama Ndaya, weye mwenyewe njo ulinambia ukoko iko yenu. Nitaamini mudomo gani?”

Swali lilikuwa la haki, na ndiyo maana lilimuuma. Neno la Ndaya halikuwa na thamani tena. Alitoka, akapita jikoni, akachukua shoka la kuni na kisu cha nyama, akazunguka ukuta.

Mulumba alikuwa ndio kwanza amemimina ndoo. Nguruwe wote sita walikuwa wameinamia hori, wakisukumana, na jike mkubwa kuliko wote alikuwa mbele, ameshiba na bado anakula. Ndaya aliruka ua. Pigo la kwanza lilitua nyuma ya masikio. Mnyama alilia mlio uliosikika mpaka kwenye reli, akamburuta Ndaya kwenye matope, akamng'ata paja. Pigo la pili lilivunja. La tatu halikuwa na kazi, lakini alilipiga, na la nne, na hapo tayari hakuwa anampiga nguruwe. Mulumba alifika na rungu lake. Alimpiga mgongoni, akampiga mkononi, akampasua kichwa juu ya jicho. Ndaya hakugeuka hata kumtazama. Alipiga magoti, akapasua tumbo kwa mkono ulioujua mwili wa mnyama kama chumba chake, akaingiza mikono yote miwili, akatoa tumbo la chakula likiwa linafuka mvuke. Mulumba, alipoliona lile, aliacha kupiga. Alisema baadaye kwamba aliogopa.

Ndaya alilibeba ndani ya kitenge chake, amebaki na gauni la ndani, damu yake na ya nguruwe zikichuruzika pamoja, akapita katikati ya wavulana waliokwisha kujaa uani. Safari hii hakuna aliyecheka. Akalitua juu ya meza ya Ruffin, juu ya karatasi, akalichana kwa kisu mara moja.

Nguruwe mwenye pupa hatafuni vizuri. Vipande vilimwagika mezani, vya kahawia, vinene kama soli, vingine bado na ukingo mweusi wa pipa. Ndaya aliokota kimoja, akakipangusa gaunini, akakiweka mbele ya yule mama. Pumba haikuwemo hata punje.

“Mama, prime yetu njo hii,” alisema. “Minyi nilikudanganya. Nilisikia haya juu weye ni mugeni. Tshiela asikatwe mukono juu ya haya yangu.”

Mama Clémentine aliziba mdomo kwa leso. Alikigeuza kipande kwa ncha ya kalamu, kisha akamuuliza Ruffin pumba inauzwa bei gani siku hizi. Ruffin alikuwa akipangusa matone kwenye shati lake. Barua kwa hospitali iliandikwa pale pale, kwenye kona kavu ya meza, na aliyeipeleka alikimbia nayo.

Tshiela alisafishwa jioni ile. Alipoteza vidole viwili, na vingine vilijikunja visifunguke tena, lakini mkono ulibaki mahali pake. Prime ililipwa kuanzia mwezi ilipoamuliwa, na ikaandikwa kwa wino kwamba ukoko ni wa wapishi na hauhesabiwi. Ruffin hakufukuzwa, msijidanganye. Watu wa namna ile huhamishwa. Aliyefukuzwa ni Ndaya. Alikaa mahabusu siku kumi na moja, akapigwa kila asubuhi kwa mkanda kwa sababu alikataa kuomba msamaha kwa ajili ya nguruwe, na prime yake yote, mpaka senti ya mwisho, ilikwenda kulipia mnyama yule.

Alipotoka alikaa nyumbani, akauza mkaa mlangoni. Jicho moja halikufunguka sawasawa tena. Wapishi wawili walimsalimia wakipita. Tshiela hakupita.

Alikuja baada ya miezi mitatu, Jumapili, siku ya kwanza aliyorudishwa kazini. Alisimama kwenye kizingiti na bakuli limefunikwa kwa kitambaa. Mkono wa kuume ulining'inia ndani ya mkono wa gauni. Alilishika bakuli kwa mkono wa kushoto, na wote wawili walijua kwamba hakuna mtu, mahali pale, anayempa mkubwa wake kitu kwa kushoto ila kwa kumtukana.

“Yaya,” alisema, “nikona huu tu.”

Ndaya aliinuka kutoka kwenye kigoda. Alilipokea kwa mikono yote miwili, akipiga goti kidogo, kama mdogo anavyopokea kwa mkubwa. Ndani kulikuwa na ukoko, bado wa moto. Walikaa, wakavunja, wakatafuna.

Kisha Ndaya alimwambia ukweli: kwamba ameuunguza, na kesho apunguze kuni.