Yule Mtoto Alifungua?

Jumapili iliyopita, hapa nyumbani, mtaa wa Majimbo, binti yangu alinikuta na sufuria mkononi. "Mum, nimeipata ile muvi yako," akasema. Nilijua ni ipi. Niliweka sufuria chini kabla haijaniponyoka. Filamu hiyo nimeitafuta tangu nikiwa msichana wa miaka tisa, na jina lake sikuwahi kulijua, maana kule kijijini kwetu Karurumo hakuna aliyejali majina. Tuliulizana tu: leo ni ya kuogopa ama ya kucheka?

Wewe unayenijua unaujua udhaifu wangu. Wenzangu ofisini wanapenda filamu kubwa zinazotangazwa kila mahali. Mimi hunipati huko. Jitu likishaonyesha meno dakika ya kwanza, nitaogopa nini tena? Nipe ile ndogo isiyojulikana, ambapo kikombe kimesogea mezani na chumbani hamna mtu. Au nipe ile ya ndugu waliopoteza maiti ya baba yao njiani wakienda kuzika, unacheka huku unaona aibu. Anayejua kuogopesha na anayejua kuchekesha msibani ni ndugu, wote wanajua pa kunyamaza.

Ladha hiyo niliipata kwenye kibanda cha video kilichopakana na kinu cha kusaga mahindi, vyote vikitumia waya mmoja wa stima. Kulikuwa na mabenchi ya mbao, blanketi kuukuu mlangoni, harufu ya njugu karanga na makoti yaliyonyeshewa. Mbele alikaa mtafsiri na maikrofoni yake, akigeuza maneno ya watu wa mbali yakawa ya kwetu. Nyanya yangu, mtu wa kanisa kwelikweli, alikuwa amenikataza kabisa kuingia humo. "Ni mahali pa kuita wafu," alisema, "na sisi tumezika juzi tu."

Tulikuwa tumemzika mama yangu, binti wa pekee wa nyanya, kando ya mibuni. Mimi sikulia. Majirani walinong'ona kwamba mtoto huyu ana moyo wa jiwe. Hawakujua kwamba kila Jumamosi, nikitumwa kusaga, niliacha mahindi kwenye foleni nikajipenyeza nyuma ya blanketi. Sikufuata kuogopa. Nilifuata mahali ambapo wafu hurudi.

Wengi walirudi na hasira, na hao sikuwapenda. Lakini Jumamosi moja ikaja filamu ya mama mfu ambaye kila jioni alirudi kuosha vyombo. Basi, kazi yake ilikuwa hiyo tu. Watu wa nyumba wakitimua mbio, sahani zinagongana jikoni. Mwishowe wakatia komeo mlangoni na kumwonya mtoto wake: akibisha usifungue, ukifungua utaenda naye.

Mama akabisha. Polepole, mara tatu.

"Usifungue, wewe!" mtafsiri akafoka. "Huyo si mamako tena, manze!"

Kibanda kizima kikapiga kelele naye. Mtoto akainua mkono. Nilikuwa nimeuma kidole mpaka nikaonja damu. Fungua, nilisema moyoni, fungua tu. Hapo nikasikia kikohozi nyuma yangu, na kikohozi kile nilikijua. Nyanya alikuwa amelisogeza blanketi, fimbo mkononi. Unga haukuwa umefika nyumbani, akanifuata, na mwenye kinu akamwonyesha nilipo.

Nilijikunyata. Fimbo haikuja. Nyanya alikuwa ameukazia macho ule mlango kwenye televisheni. Mtafsiri, ambaye utotoni alifundishwa naye kanisani, alizima maikrofoni. Mama akabisha tena. Mkono wa mtoto ukagusa komeo.

Stima ikapotea.

Watu walizomea, wakapiga mabati. Nyanya alinishika mkono akanitoa nje, akachukua mahindi yetu hivyohivyo bila kusagwa. Njia nzima nilingoja kuchapwa. Tulipita soko, tukapita shule. Kwenye daraja la mtoni akasimama, akatua mzigo.

"Yule mtoto alifungua?"

"Sijui, cucu. Stima ilipotea."

Alitazama maji. "Mimi ningefungua," akasema.

Hapo ndipo nilipolia. Nililia mpaka pumzi ikanipotea, na nyanya akanifuta kwa leso yake. Yeye hakuwa na wa kumfuta.

Siku hizi kibanda kile ni duka la mbolea. Nyanya amelala karibu na bintiye. Watoto hutazama kila mmoja peke yake, visikizio masikioni, na hakuna anayemfokea mtoto wa kwenye filamu asifungue mlango. Mimi naona wanaogopa nusu tu.

Basi Jumapili tuliitazama. Kusema kweli ni filamu hafifu: mwanga mbaya, na wigi la mama linateleza. Hata hivyo alipobisha mara tatu nilimshika binti yangu mkono kwa nguvu mpaka akalalamika. Mtoto aligusa komeo. Akalisukuma likaingia zaidi. Mama alingoja kidogo, akaenda zake.

"Mwisho mzuri, Mum," binti yangu akasema. "Si amepona?"

Nimetazama filamu nyingi za kutisha, na maoni yangu ni kwamba aliyeitengeneza hii alikosea. Mwisho wake niliusikia darajani, kwa mwanamke aliyebeba mahindi yasiyosagwa. Niliinuka nikaenda kuosha vyombo, na mlango wa jikoni nikauacha wazi.