Mti wa Mihuri na Brashi za Ndevu

Baba yangu alinioza kwa sababu ya muhuri. Nasema hivyo bila uchungu, maana mwenyewe alitamka hadharani. Siku ya kuposwa kwangu, kule Rugu, aliwaambia wazee waliokuwa wakinywa rubisi, pombe yetu ya ndizi, "Mkwe wangu ana muhuri." Mchumba wangu alikuwa karani wa chama cha kahawa. Kila mkulima aliyepeleka magunia yake alimwona pale dirishani akigonga karatasi, pa! pa!, na baba akaona binti yake amefika.

Ofisi ile ilipofungwa, mwishoni mwa miaka ya themanini, mume wangu akaanza kunyoa watu ndevu barazani kwetu. Baba akasusa. "Nilimpa karani, sikumpa kinyozi," alisema, na tangu hapo akaacha kukanyaga kwangu. Alikuwa akipita barabarani na kofia yake, akiitazama migomba yetu kana kwamba haina mwenyewe. Mimi nina hasira za karibu. Mtu akininunia leo, leo hii namfuata nimuulize. Lakini baba humfuati na maneno. Nilibaki nachungulia dirishani, na nilimkumbuka mno.

Siku ya kufunga ofisi, mume wangu alirudi na makorokoro aliyoambiwa achukue: trei ya mafaili ya ghorofa mbili, kopo la kalamu, na kile kidude cha chuma kinachozunguka, chenye matawi ya kutundikia mihuri. Mihuri yenyewe ilibaki hukohuko. Nikamuuliza, "Hiki nacho tutakila na maharage?" Alikifuta kwa shati lake, akakipandisha juu ya kabati, nami nikakiita mti wa mihuri, kwa kejeli.

Kilikaa huko mpaka masika yalipotuumbua. Ilikuwa miaka ile ugonjwa wa Ukimwi ulipotufundisha kujihadhari, na kila mwanamume alitaka awe na wembe wake na brashi yake kwa kinyozi. Brashi zikawa nyingi. Tulizisimamisha kikombeni, nywele juu, na maji yakawa yanashuka hadi kwenye shina na kukaa humo. Nywele zikaanza kung'oka. Zilizosalimika zilitafunwa na panya kwa utamu wa sabuni. Mwalimu mkuu aliondoka kwetu na nywele za brashi zimemganda shavuni, akapita nazo sokoni, na wiki iliyofuata hakuja.

Nilipandwa na hasira. Nikakishusha kile kidude, nikachukua brashi moja, nikaichomeka shingo pale inapotundikwa shingo ya muhuri. Ikashika! Ikaning'inia kichwa chini, maji yakidondoka. Mawe, mama yangu! Nilipiga kigelegele peke yangu, mume wangu akaja mbio akidhani nimezaa kabla ya wakati. Tukazitundika zote, kila moja na uzi wa rangi ya mwenyewe. Taulo safi tukaziweka ghorofa ya juu ya trei, chafu ya chini. Kopo la kalamu likabeba mikasi. Tawi moja tu lilibaki tupu, lile pana la muhuri mkubwa, kwa sababu kila brashi tuliyoiweka hapo ilipenya na kuanguka.

Basi likaja jambo ambalo hatukulitarajia. Watu walipouona ule mti mezani, walivua kofia kama walioingia ofisini. Waliokuwa wakigombania zamu sasa waliketi kwenye benchi wakiwa wametulia, magoti pamoja. Mzee mmoja kibarua, aliyetoka Burundi tangu ujana wake, alisimama mlangoni na kitambulisho mkononi. "Waitu, mheshimiwa, naomba muhuri." Mume wangu akamkalisha, akampaka povu, na mzee alipojitazama kiooni alicheka mpaka povu likamwingia puani. Kesho yake alileta brashi yake.

Mtoto wetu alizaliwa, na msimu wa senene ukakuta tunajiandaa kumbatiza. Baba alituma ujumbe kwamba atafika kanisani, nyumbani hatafika. Lakini mvua haina mkwe. Jumamosi ile, mkesha wa ubatizo, iliporomoka na mawe, ikamkuta barabarani mbele ya kibanja chetu cha migomba. Nikaona kofia inakuja mbio barazani.

"Shikamoo, tata," nikasema, nikimwita baba kwa kilugha chetu.

Aliitikia huku macho yake yako mezani. Aliwaona watu kwenye benchi. Aliuona ule mti, akautambua. Uso wake ukafunguka, akavua kofia iliyojaa maji.

"Wamekurudisha ofisini?"

Nilimwombea mume wangu aseme ndiyo, hata kwa kikohozi. Yeye akasema, "Hapana, tata. Ni brashi za ndevu."

Baba akasogea. Akauzungusha ule mti kwa kidole, taratibu. "Hii ya nani?"

"Ya mwalimu mkuu. Amerudi."

"Na hii?"

"Ya mwinjilisti."

"Hii nyekundu?"

"Yangu, mzee," akajibu mwenyekiti wa kijiji kutoka kwenye benchi, kidevu kikiwa kimemjaa povu.

Baba alimtazama, akanitazama mimi, kisha akaanza kucheka, kile kicheko chake cha tumboni nilichokuwa nimekikosa. Nikamletea kahawa za kutafuna. Akatafuna, akapapasa kidevu chake, akasema kanisani hawezi kuingia na kichaka.

Hapo tukakwama. Kwetu mkwe hashiki uso wa baba mkwe wake, hata kwa dawa. Mume wangu akanipa taulo safi na brashi mpya kutoka kwenye sanduku, akarudi nyuma, mikono mgongoni. Mimi nikampaka baba yangu povu, nikashika wembe. Mume wangu alielekeza kutoka kando, "Vuta ngozi, shuka pole," na mwenyekiti akaelekeza pia bila kuombwa. Baba alifumba macho kama mtoto. Sikumkata hata kidogo, na furaha niliyokuwa nayo ingetosha ukoo mzima.

Kabla ya kuondoka alitia kidole kwenye lile tawi tupu. "Hapa palikuwa pa muhuri mkubwa?"

"Ndiyo, tata."

Akavaa kofia, akatoka. Jumapili alikula kwetu. Jumamosi iliyofuata alirudi bila mvua, bila kuitwa, na kifurushi cha jani la mgomba mkononi. Ndani mlikuwa na brashi. Nywele zilikuwa za dukani, lakini mpini aliuchonga mwenyewe, mnene, wenye shingo pana. Akaipachika kwenye tawi la muhuri mkubwa, akauzungusha mti mpaka brashi yake ikatazama barabarani, kisha akaketi kwenye benchi kungoja zamu yake.