Chumba cha Stacy Kwenye Meli

Mjukuu wangu Stacy hutembea akiwa usingizini. Ana miaka sita. Aprili iliyopita, alfajiri, nilimkuta kwenye lango letu hapa Mutuini akihangaika na komeo, macho wazi, lakini hanioni. Tangu siku hiyo hata mjusi akipita ukutani naamka.

Kwa hiyo mkwe wangu Mwau, anayeuza bima, alipotuzwa kazini safari ya meli ya siku nne kwa jamaa nzima, wengine walishangilia. Mimi niliona mtoto na bahari.

Jumamosi tulienda mjini, ofisi ya safari, kuchagua vyumba. Binti yangu Jackie, mume wangu Mwololo, Stacy na mimi tuliketi mbele ya karani. Mwau alikaa mbali, karibu na mlango, kama ilivyo adabu kwetu Wakamba mama mkwe akiwapo.

Karani, dada aitwaye Nanyama, alitandaza mchoro wa meli mezani.

"Mna vyumba viwili. Hiki cha juu kina baraza, unafungua mlango, bahari hiyo! Cha pili kiko chini, hakina dirisha."

"Hiyo baraza imezungushiwa nini?" niliuliza.

"Vyuma, mama."

"Stacy hupita katikati ya vyuma."

"Ama mbadilishe, mpate viwili vya ndani vinavyopakana. Kuna mlango katikati. Wazazi huku, nyanya na babu kule, mtoto anapita tu."

Hivyo ndivyo nilivyovitaka. Jackie akilala, hata mabati yang'olewe hasikii. Mimi ningesikia. Lakini mlango ule ungefungukia kitanda cha Mwau, na kwetu mama hakaribii anapolala mkwewe wa kiume. Nilikodolea mchoro macho mpaka mistari ikaanza kucheza. Nikienda mbali, mtoto. Nikikaa karibu, aibu.

"Mama, hii ni 2006," Jackie alininong'oneza. "Nani atakuona huko baharini?"

"Nitajiona mwenyewe."

Mwau alikohoa kule mlangoni. "Jackie, mwambie mama mlale naye hicho cha chini, nyinyi watatu. Mimi na mzee tutachukua cha baraza."

Jackie aligeuka akamkazia macho mumewe. Baraza ile walikuwa wameiota wiki nzima.

"Mimi na wewe?" Mwololo akacheka. "Kijana, mimi nakoroma. Siku ya pili utajirusha majini."

Nilitaka kumshukuru Mwau, lakini nilitazama chini tu, naye akatazama nje. Nanyama akaandika.

"Ngoja kwanza," nikasema. "Komeo la mlango liko juu kiasi gani?"

Nanyama alisimama, akaonyesha paji la uso wake. Nilimwita Stacy, nikamwambia anyooshe mkono, asimame kwa vidole. Alipungukiwa na kiganja kimoja.

"Na viti vya humo," niliuliza, "vinasogezeka?"