Nusu ya Pili ya Tantine

Nilikwenda Bujumbura kutafuta vichwa vya video, vile vinavyosoma mkanda wa kaseti. Mimi ni fundi wa redio na televisheni pale Kigoma, na vipuri kutoka Dar vilikuwa vikichelewa mpaka mteja anasahau alichoagiza. Ng'ambo, pamoja na vita vyote vile, soko lilikuwa bado na mashine mbovu za kubomoa. Mke wangu aliposikia alishika kichwa. Nikamwambia msafiri kafiri. Akanijibu, "Haya kafiri, rudi mzima."

Siku mbili kabla ya kuondoka alikuja Mama Aline, jirani yetu, mkimbizi kutoka Bujumbura aliyekuwa akiuza maharage sokoni. Alikuwa na kaseti ya video ndani ya foronya. Nilidhani imekwama, anataka niifungue. Kumbe alitaka niipeleke kwao, mtaa wa Nyakabiga, kwa mshona nguo anayeitwa Mama Didier.

Nisikilizeni vizuri hapa, maana safari yangu yote iligeuka kwa jambo hili. Kabla ya vita, akina mama wa mtaa ule walikuwa na chama chao cha kumpenda mwigizaji mmoja wa Hollywood, wa zile filamu za zamani ambamo watu wanazungumza kidogo, mara wanaanza kuimba na kucheza barabarani. Jina lake la Kizungu hawakulitaka. Walimwita Tantine, kama wanavyowaita shangazi zao. Filamu waliyoipenda kuliko zote ilikuwa ndefu, kaseti mbili, na chama kilikuwa na sheria: kaseti ya kwanza inakaa kwa Mama Didier, ya pili kwa Mama Aline, ili asiwepo mtu wa kumtazama Tantine peke yake. Kila Jumamosi baada ya chakula cha mchana, Mama Aline alivuka barabara na kaseti yake kwenye kikapu.

Vita vilipougawanya mtaa kikabila, siku watu wa upande wake walipoanza kufukuzwa ilikuwa Jumamosi. Alivuka na watoto wawili na kikapu kile kile, akabisha mlango wa rafiki yake. Haukufunguliwa. Akabisha tena, kisha akakimbia.

"Umuulize neno moja tu, fundi," aliniambia. "Ile siku alikuwa mu nyumba ao hakuwako? Akisema hakuwako, mi nitaamini. Miaka yote hii nataka kuamini."

Mimi nina ulimi wa kutania, lakini siku ile niliuweka kando. Nikaipokea foronya.

Jumanne jioni tulipakia. Ilikuwa meli ya mizigo, saruji chini na sisi abiria juu yake, na vumbi lake lilinikaa kwenye nyusi safari nzima. Nilikula mkate na mayai aliyonifungia mke wangu, nikajilaza, kaseti nimeiweka chini ya shati.

Asubuhi ya Jumatano tuliingia bandari ya Bujumbura. Milima iko juu ya mji kabisa, karibu kuliko nilivyofikiri, na huko juu, niliambiwa, ndiko risasi zilikotokea. Askari mmoja mrefu alipekua mifuko yetu. Akaishika ile kaseti, akaigeuzageuza.

"Iko na nini humu? Mambo ya politiki?"

"Hapana, afande. Ni mama wa Kizungu anacheza."

"Anacheza namna gani?"

Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni. Nikajikuta pale bandarini, mbele ya bunduki, nakunja magoti na kugonga visigino vyangu vyenye saruji kueleza namna mama wa Kizungu anavyocheza. Askari hakucheka. Aliniuliza kwa sauti ya chini, "Ni yule kamba ya kiatu yake inafunguka, na haachi?"

"Sijui, afande. Mimi sijamwona."

"Bwana we! Mama yangu anamupenda sana yule." Akairudisha kaseti ndani ya foronya kwa mikono miwili, akanipisha.

Kutoka bandarini nilipita kwa miguu kati ya maghala na viwanda, harufu ya sabuni na bia, kisha nikapanda teksi hadi Nyakabiga. Nyumba zimebanana, maduka madogo kila kona, watu wanaendelea na shughuli zao, ila kila mmoja anatazama nyuma kidogo kabla ya kuingia ndani. Sikutembea hatua mia bila kuona nyumba isiyo na paa.

Mama Didier nilimkuta kwenye cherehani, chumba cha mbele. Mwanamke mwembamba, miwani imefungwa kwa uzi. Nilipotaja Mama Aline, mguu wake ulisimama juu ya pedali.

"Iko muzima?"

"Mzima. Na watoto wazima. Anauza maharage."

"Yoo! Maharage!" Alicheka na kulia kwa pamoja. "Hakujua hata kuchambua maharage, yule! Mi ndiye nilikuwa namuchambulia."

Nikampa kaseti. Halafu nikamfikishia na swali, kama lilivyo, maana mjumbe hauawi. Alikata uzi kwenye cherehani. Akavua miwani, akaivaa.

"Wewe ni fundi, si ndiyo? Video yangu ilikufa. Tengeneza kwanza. Samedi, siku yetu ya Tantine, utarudi, nitakujibu."

Nilikasirika, nisiwafiche. Nimebeba swali la mtu ziwa zima, na mwenyewe ananipa kazi! Lakini nilikuwa nimefikia mtaa wa Buyenzi kwa binamu yangu, vipuri vilikuwa vinapatikana, basi nikaifungua ile mashine. Mkanda wa mpira ulikuwa umekatika, na vumbi ndani lilionyesha haijawashwa kwa miaka. Kaseti ya kwanza ilikuwa kabatini, imefungwa kwa kitambaa cha hariri, haina hata ukungu.

Jumamosi, saa nane mchana, walikuja wanamama watatu waliobaki katika chama. Wote walivaa sketi za kitenge pana, za kuzunguka, ambazo Mama Didier aliwashonea zamani kwa kuitazama nguo ya Tantine na kusimamisha picha. Zilikuwa zimepauka, mmoja alikuwa ameongeza kipande kiunoni. Walikaa sakafuni, viti wakaniachia mimi mgeni.

Sasa niseme ukweli wangu: nilizidharau filamu za namna hii. Mtu mzima anauimbia mwavuli, ya nini? Lakini sikuwahi kumtazama Tantine pamoja na watu wanaompenda. Alipotokea tu, wakamsalimia, "Amahoro, Tantine!" Wakamkemea alipomwamini mwanaume asiyefaa. Wakanionyesha jinsi anavyogusa pua kabla ya kuzunguka, kila mara, tabia yake. Halafu ikaja ile ngoma ndefu, na mmoja akanishika mkono, "Angalia mguu! Sasa!" Nikaiona. Kamba ya kiatu ikafunguka, Tantine akayumba nusu hatua, akacheka kicheko cha kweli, na akaendelea kucheza hivyo hivyo, kiatu kikipiga kofi sakafuni. Wanamama wote walipiga makofi kumsaidia. Na mimi nilipiga. Nilipenda, jamani, nilimpenda mwanamke yule.

Kaseti ikaisha Tantine yuko kituo cha treni, amebeba sanduku, hajui aende wapi. Wanamama wakasema, "Ya pili! Weka ya pili!" Ilikuwa pale juu ya meza, miaka na miaka hawajaiona.

"Apana," alisema Mama Didier. "Mwenye nayo hayuko."

Hakuna aliyebisha. Waliaga mapema wafike makwao kabla ya saa ya kutotoka nje, na tukabaki wawili.

"Nilikuwa mu nyumba," alisema. Hakunitazama. "Nilikuwa nyuma ya mulango, hapa hapa. Nilisikia sauti yake, nilisikia batoto. Na mi nilikuwa na batoto batatu chini ya kitanda, na wale vijana wenye kufukuza watu walisema nyumba itakayoficha mutu watachoma. Niliweka mukono ku kufuli. Sikufungua. Umuambie hivyo. Usipunguze."

Akachukua kaseti zote mbili, akazifunga kwenye foronya moja. "Mupe zote. Atazame mupaka mwisho na batoto wake. Mi sina haki ya kuchunga kitu naye tena."

Niliipokea foronya. Nikamshika mkono tu.

Jumatatu nilipanda meli, vipuri ninavyo tele, na sikuvifurahia. Usiku kucha nilijiuliza: niseme hakuwako? Uongo mmoja mdogo, na mtu apone. Nani angejua?

Alasiri ya Jumanne nilimkuta Mama Aline uani kwake, na ungo mapajani. Nilimtazama usoni nikajua siwezi. Nikamwambia yote: mlango, kitanda, vijana, mkono kwenye kufuli. Nikamkabidhi kaseti mbili.

Aliendelea kuchambua maharage. Machozi yakawa yanadondokea kwenye ungo, naye hayafuti.

"Batoto batatu," alisema mwishowe. "Na ka Didier kalikuwa na pumu, kangekohoa tu, tungechomwa wote." Akachambua tena. "Amekonda?"

"Amekonda sana."

Nilikuwa nikifikiri safari humfundisha mtu nchi za watu. Mimi ilinifundisha kwamba ukweli mchungu, ukimfikia mtu ambaye bado anampenda aliyemkosea, unaweza ukapokelewa. Nilikuwa karibu kumnyima Mama Aline huo.

Alifuta mikono, akaifungua foronya, akaitoa kaseti ya kwanza, akaniwekea mikononi.

"Hii ni ya Mama Didier," alisema. "Kwangu inakaa ya pili. Umurudishie, umuambie vita ikiisha nitabisha tena."