Magauni Mawili Chini ya Maporomoko

Masika yakikolea, maporomoko ya mlima ulio nyuma ya Nyasura yalisikika hadi jikoni kwetu. Karibu mwaka mzima pale palikuwa na mwamba mkavu tu na vinyesi vya pimbi; kisha kwa majuma machache maji yaliteremka yakinguruma, nasi watoto tukahamia huko na nguo za nyumba nzima. Harufu ya mahali pale bado ninayo puani: mawe yaliyoloa, majivu na majani ya mpapai yaliyopondwa. Hiyo ndiyo ilikuwa sabuni yetu, kwani miaka ile katika maduka ya Bunda ungekuta viberiti viwili na muuzaji anayepiga miayo. Ulikuwa unaipaka nguo majivu, unaikandamiza kwa jiwe chini ya maji, unakwenda kucheza, maji yanakufulia.

Mwaka wa kipaimara changu nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Dada yangu Nyangeta, mwenye kumi na mitatu, alikuwa anapokea pamoja nami. Katekista alishatangaza kwamba msichana asiye na gauni jeupe atasubiri hadi askofu arudi, na askofu hakuwa mtu wa kuja kila mwaka. Baba alipanga foleni kwenye duka la ushirika akaambulia kitambaa cheupe cha gauni moja, akashonewa dada. Langu mama alilishona kwa mfuko wa unga wa njano wa msaada, na mgongoni yakabaki maandishi ya buluu, makubwa kama ya ubavuni mwa lori. Niliyaonea aibu hata nikiwa peke yangu.

Jumamosi, siku moja kabla ya sherehe, tulipanda mlimani na magauni yote mawili. Kila mtoto wa Nyasura alijua kwamba nguo nyeupe haifuliwi wakati mvua inanyesha huko juu, maana maji huja na udongo. Nyangeta akaonyesha wingu, akasema tungoje. "Hilo linaendaga ziwani," nikamjibu kama mtaalamu, kwa haraka niliyokuwa nayo ya kuyaondoa yale maandishi. Nikalikandamiza gauni langu, tukaenda kuteleza kwenye mwamba. Tuliporudi, maji yalikuwa mekundu kama tope la kufyatulia matofali. Maandishi yalikuwa yamefifia kweli, ila gauni zima lilikuwa na rangi ya chai ya maziwa.

Nililia kwa sauti yangu yote. Nyangeta alinitazama, akalitazama gauni lake lililokuwa bado ndani ya beseni, jeupe pe. Kisha akalichukua, akalitupa kwenye yale maji mekundu na kulikanyaga kwa miguu yote miwili.

"Nyamaza sasa," akasema. "Kama ni kusubiri, tutasubiri wote."

Mama alitutukana kwa Kijita mpaka maneno yakamwishia, ndipo akaanza kucheka. Asubuhi yake katekista alitusimamisha mlangoni mwa kanisa. "Hizi nguo vipi?" Dada akajibu kwa adabu, "Tumefua, mwalimu." Nadhani mmoja angemrudisha nyumbani, lakini wawili wa nyumba moja, waliovaa sare, walimshinda. Akaziba mdomo asicheke, akatupeleka kwenye benchi la nyuma, na askofu alitupaka mafuta bila kuuliza lolote.

Baadaye biashara ikafunguliwa, sabuni zikarudi, mitumba ikajaa minadani. Siku hizi maduka ya Bunda yananing'iniza magauni meupe hadi barazani, na nafurahi kwamba wanangu hawajawahi kufua kwa majivu. Hata hivyo, katika yote niliyowahi kupewa, hakuna kinachoufikia moyo wangu kama yale matope. Mwaka jana nilimuuliza Nyangeta kwa nini alilikanyaga gauni lake.

"Kha! Lilikuwa linanibanaga kwapani," akasema.

Mwongo mkubwa. Nililirithi gauni lile nikalivaa miaka mitatu, na mama alikuwa amelishona pana, la kukulia.