Makofi Matatu

Tangu nistaafu ualimu wa shule ya msingi, raha ya kuamrisha watu naipata Jumamosi tu. Jumamosi mchana kikundi chetu cha maigizo hukutana Mirongo, hapa Mwanza, kwenye ukumbi wa zamani wa harusi nyuma ya maduka ya vipuri, na mimi ndiye mwongozaji. Hatulipwi na hatujulikani ila kwa ndugu zetu. Yupo fundi cherehani, yupo karani, yupo mama anayeuza dagaa kwa jumla, na wapo watoto kumi na wawili ambao wazazi wao huwaleta saa nane na kuwafuata saa kumi na mbili jioni. Watu wazima huja wakijisikia. Watoto huja hata wakiwa na mafua.

Nilikuwa na sheria moja niliyojivunia kupita kiasi. Ukishavaa uhusika, huuvui mpaka nipige makofi matatu. Mtu akiingia mlangoni, humwangalii. Mwenzako akicheka, wewe hucheki. Siku moja siafu walimpanda mguuni mtoto aliyekuwa ameigiza amekufa, naye akakaa vilevile, macho kafumba, hadi nilipopiga makofi ndipo akaruka na kuanza kujikung'uta. Nilimsifu mbele ya wenzake. Nikiikumbuka sifa ile siku hizi natamani ningeirudisha.

Katika watoto hao alikuwapo binti wa miaka tisa kutoka Mkolani. Mama yake anauza kwenye duka la dawa, baba yake anafanya kazi machimboni upande wa Geita na huonekana mara mojamoja, kwa hiyo pale ukumbini hakuna aliyewahi kumwona. Mtoto mwenyewe ni mwembamba, mpole, na anaposimama jukwaani unasahau kwamba anaigiza. Nilimpenda kuliko wengine, na kwa sababu hiyo nilimbana kuliko wengine. Siku moja mazoezini alisimama katikati ya onyesho akaniambia amebanwa na mkojo. Nilimrudisha mwanzo. Akakosea, nikamrudisha tena. Alipoanza kulia nikamwambia machozi hayo ayatunze, tutayahitaji siku ya watu. Watu wazima walicheka, na mimi nikacheka nao.

Mchezo wetu ulihusu mzazi anayemtoa binti yake shuleni ili akamfanyie kazi shangazi ng'ambo ya ziwa. Mtu wa kuigiza baba tulimkosa kwa muda mrefu. Fundi cherehani ana sauti ya kubembeleza, karani hawezi kukariri. Ndipo akaja bwana mmoja wa makamo, akasema anakaa Buswelu na kazi yake ni kutengeneza majokofu. Alinikuta naweka viti.

"Shikamoo, mwalimu," alisema, na kuinamisha kichwa.

"Marahaba. Umewahi kuigiza?"

"Shuleni tu, mwalimu. Lakini ninapenda."

Alisoma ukurasa mmoja, nikamchukua. Ndivyo ilivyokuwa, wala sitapamba. Ukumbi ule tuliuombea barua kwa mwenyekiti wa mtaa. Spika tuliiombea kibali. Fundi alipoleta cherehani yake ukumbini tuliandikishana, isije ikapotea. Mtu wa kumshika mtoto mkono hatukumwuliza hata anapanga kwa nani. Alikuwa na salamu nzuri na sauti nzito, tukaona inatosha.

Akawa anamwita yule binti "mwanangu" hata wakati wa mapumziko, naye binti anamwitikia "baba". Wengine walipotupa uhusika wao mlangoni na kukimbilia karanga, hawa wawili walikaa pamoja kwenye benchi, baba na mwana. Mimi nilisimama nikawaonyesha wenzao kwa kidole. "Mnaona? Hivyo ndivyo mtu anavyovaa uhusika." Maneno hayo ni yangu, niliyasema kwa kinywa changu, na hakuna aliyenishikia fimbo.

Jumamosi ninayoisimulia tulikuwa kwenye onyesho la kuondoka. Baba anachukua begi, anamshika binti mkono, anasema, "Twende mwanangu, boti haitatusubiri," kisha wanatokea mlango wa pembeni na kusimama barazani hadi nipige makofi. Binti hataki kwenda, ila hasemi kitu. Hapo ndipo nilipotaka watazamaji walie.

Mvua ilianza walipofika mlangoni. Wanaoijua mvua ya Mwanza juu ya bati wanajua kwamba haikuachii nafasi ya kusikia hata mawazo yako. Maji yakaanza kuvuja mahali tulipotundika maleba, yaani mavazi ya mchezo, nami nikakimbia pamoja na fundi kuyaokoa. Tulivuta meza, tukakinga ndoo, tukagombana kuhusu nani aliliacha dirisha wazi. Labda ilichukua robo saa. Makofi sikupiga.

Nilipogeuka nikawahesabu watoto kwa mazoea tu, kama nilivyowahesabu wanafunzi miaka yote. Kumi na mmoja. Nikahesabu tena kwa kuwagusa vichwa. Kumi na mmoja. Nikaenda mlango wa pembeni, barazani hapakuwa na mtu, palikuwa na maji tu yanayoruka kutoka kwenye mfereji.

Getini kuna bibi anayeuza karanga chini ya mwavuli, na sisi kwa uvivu wetu tulikuwa tumemfanya mlinzi. Nilimwuliza kwa kupiga kelele.

"Ametoka na baba yake," alisema. "Walipita hapa, kamfunika na koti."

"Baba yake yupi, bibi?"

"Si yule mwenye begi? Nimemsikia mtoto anamwita baba. Kila Jumamosi anamwita baba."

Nilishika nguzo ya geti. Nilimpigia yule bwana simu, haikupatikana. Nikapiga tena, haikupatikana. Jambo la kwanza lililonijia si yeye, ulikuwa mto Mirongo, ambao siku za kawaida ni mfereji wa kudharauliwa na siku ya mvua hubeba magogo. Nilikwenda hadi darajani nikatazama yale maji mekundu yanayokimbilia ziwani, nikitafuta kitambaa cha njano, maana binti alikuwa amefungwa kitambaa cha njano kichwani. Niliona ndala moja ya mtu mzima ikipita. Nilikuwa naomba Mungu kwa sauti, na sikumbuki niliomba nini.

Fundi ndiye aliyenishika mkono. "Mwalimu," alisema, "yule bwana leo alikuja na begi lingine. La kwetu lipo bado kule stoo."

Begi la mchezo nililijaza mwenyewe magazeti, na mwanzoni mwa mazoezi nilikuwa nimemwona na begi jeusi nikajiambia huyu kweli ana moyo, kanunua na lake. Hapo ndipo hofu ilipobadilika ikawa kitu kingine. Kabla ya hapo niliogopa ajali. Sasa niliogopa mtu, na mtu huyo nilimleta mimi.

Tuliwaacha watoto kwa mama wa dagaa na karani, milango ikafungwa. Fundi alikwenda kituo cha polisi, nimeshamwambia ninakoelekea. Mimi nilipanda bodaboda kwenda ufukweni, mahali boti za abiria zinapotia nanga, kwa sababu moja tu ya kipuuzi: ndivyo mchezo ulivyosema. Twende mwanangu, boti haitatusubiri. Mwenye bodaboda aliniuliza kama nina mgonjwa, nikamwambia ndiyo.

Boti ilikuwa imezuiwa na mvua. Sentensi hiyo naiandika kwa shukrani na hofu kwa pamoja. Abiria walijibana chini ya paa la bati na vikapu vyao, kuku, magodoro yaliyofungwa nailoni. Nilipita nikiwasukuma, nikitukanwa, na nikakiona kitambaa cha njano.

Alikuwa amesimama kimya, mkono wake ndani ya mkono wa yule bwana, begi jeusi miguuni mwao. Nilimwita kwa jina lake. Aliniangalia, halafu akayaondoa macho. Nikamwita tena kwa nguvu zaidi. Watu wakageuka. Yeye akatazama ziwa. Hata akasogea kidogo upande wa yule bwana, kama tulivyofanya mazoezi wiki kwa wiki, maana katika mchezo binti anapoondoka huwa hageuki nyuma.

"Mama, vipi?" yule bwana aliniuliza mbele ya watu, kana kwamba hanijui. "Mbona unamtisha mtoto wangu?"

Na watu wakaniangalia mimi. Mwanamke mzee aliyeloa, amepoteza kiatu kimoja, anamng'ang'ania mtoto anayemkwepa. Mzee mmoja aliniambia kwa upole, "Dada, mwache mtoto na baba yake." Nilimtazama yule binti usoni, nikaona midomo inatetemeka na shingo imekakamaa, nikaielewa sura ile kwa sababu mimi ndiye niliyemfundisha. Alikuwa anafanya bidii asikosee.

Nikapiga makofi. Moja, mbili, tatu, katikati ya abiria na mvua.

Mkono wake ulichomoka kama uliotolewa kwenye maji ya moto. Alinijia mbio akanigonga tumboni, akanishika nguo, na kilio alichokitoa kikawafanya wale watu wote wanyamaze. Alisema maneno yaleyale mara nyingi. "Nilikuwa nangoja makofi. Mwalimu, nilikuwa nangoja upige makofi."

Mzee yule aliyenisihi ndiye aliyemkamata bwana shati. Begi lilifunguliwa mbele ya polisi walipofika na fundi. Magazeti hayakuwamo. Mlikuwa na gauni jipya la mtoto, la saizi yake, biskuti, na sabuni ya kuogea. Yeye alieleza kwa utulivu kwamba alitaka mtoto aione boti kwa macho ili aigize vizuri, na gauni ni zawadi. Alihojiwa siku kadhaa, akaachiwa akingojea uchunguzi, na kabla uchunguzi haujafika popote alikuwa ameshahama Buswelu. Mwenye nyumba alisema hakujua jina lake la pili. Sijui yuko wapi. Kila ninapopita kwenye mkusanyiko wa watu natafuta ile sauti nzito, na nikisikia inayofanana nayo nasimama nimeganda hadi nione uso.

Mama wa mtoto alikuja saa kumi na mbili kama kawaida, na mwavuli. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama, sikuficha habari ya mkojo wala ya machozi ya kutunza. Nilitegemea anipige. Aliketi kwenye benchi lile, akampakata bintiye ambaye ameshapita umri wa kupakatwa, akaniuliza swali moja.

"Kwa hiyo alijua yule si baba yake?"

"Alijua."

"Alikuwa anaogopa?"

"Aliogopa njia nzima."

"Ila aliogopa zaidi kukukosea wewe."

Aliondoka naye, na mimi nikaenda stoo nikaimwaga ndoo ya kukingia maji.

Tulifunga miezi miwili. Tuliporudi, kila mtu mzima alileta barua ya serikali ya mtaa wake, hata mimi, hata fundi niliyemfahamu tangu anavaa kaptula. Kila mzazi akatuachia majina ya wanaoruhusiwa kumchukua mwanawe, na geti likawa na zamu ya watu wawili wanaomwangalia mtu usoni. Mlango wa pembeni tuliupigilia misumari. Kuitana baba na mwana nje ya jukwaa nilikupiga marufuku. Halafu nikawakusanya watoto nikawaambia makofi si yangu tena. Ni ya yeyote. Ukiumwa, ukiogopa, ukibanwa, ukiona tu hutaki, piga makofi matatu na kila kitu kinasimama, akiwamo mwalimu.

Walinitazama kwa adabu, na hakuna aliyepiga. Jumamosi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Niliwabembeleza, nikawatania, nikawaambia leo lazima mmoja ajaribu, kisha nikajisikia ninavyosema lazima. Walikuwa wananitii hata katika hilo, wakingoja nianze mimi. Nilirudi nyumbani jioni hiyo nikiogopa kwamba nimewaharibu wote kumi na mmoja.

Jumamosi ya nne mama wa Mkolani alimleta binti yake. Hakuniambia kwa nini, alisema tu kwamba mtoto ameomba, na kwamba yeye atakaa humuhumu ukumbini hadi mwisho. Nilifurahi hadi nikachanganyikiwa. Kabla ya kuanza nilimweleza na yeye sheria mpya ya makofi. Tulikuwa na mchezo mwingine, wa kuchekesha, nao binti alitakiwa asimame upande wa kushoto. Alisimama kulia. Nami, kwa mazoea yangu ya miaka yote, nikamwendea kwa nyuma nikamshika bega ili nimsogeze.

Alikakamaa. Kisha nikasikia makofi, madogo, makavu. Moja, mbili, tatu.

Ukumbi wote ulisimama. Fundi aliacha mkono wake hewani. Binti alikuwa ananiangalia, midomo inatetemeka vilevile kama siku ile, akingoja nimrudishe mwanzo.

Niliondoa mkono wangu begani mwake na kurudi nyuma hatua mbili.